Namba Ukutani kwa Mama

Likizo moja nilizunguka Kindu, mji wetu huku Kongo, na karatasi za maswali. Mradi fulani ulitaka kujua kwa nini nyumba nyingi za mji huu bado zinapika kwa kuni na kukaa bila taa, na sisi walimu, ambao mshahara wetu huja unapojisikia, hatukatai kazi ya namna hiyo. Swali moja liliuliza: kwa nini nyumba hii haina umeme? Chini yake palikuwa na visanduku vinne. Ni ghali. Uko mbali. Hatuhitaji. Sababu nyingine. Mbele ya "sababu nyingine" waliacha mstari mfupi, na mkubwa wetu wa kazi akatuonya tusiutumie ovyo, kwa kuwa majibu ya kuandika kwa mkono yanawachosha wanaohesabu.

Wengi walioniambia ni ghali walisema kweli. Waliosema uko mbali walikuwa wanaweza kunionyesha nguzo ya mwisho kwa kidole. Hatuhitaji sikuwahi kuisikia kwa mtu hata mmoja, lakini nadhani aliyetunga maswali alikuwa na umeme kwake, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nilipofika nyumba ya mama yangu mzazi niliandika idadi ya watu, idadi ya vyumba, aina ya kuni, kisha swali lile nikaliruka. Ninaandika hapa kilichokosa nafasi kwenye mstari ule.

Nyumba iko Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba. Mimi nakaa upande wa Kasuku karibu na shule yangu, na kwenda kwa mama navuka kwa mtumbwi. Ni nyumba ya matofali mabichi iliyopakwa udongo, aliyoijenga baba kabla hajafa, na hati ya kiwanja ina jina la mama. Anaishi na dada yangu mdogo, ambaye aliachika akarudi nyumbani na masanduku mawili na ulimi uleule. Dada anauza samaki waliokaushwa. Huwafuata Lokandu kwa boti, anakaa huko siku kadhaa mpaka wavuvi wapate wa kutosha, anawakausha mara ya kwanza palepale, kisha anawaleta.

Watu wasioijua kazi hiyo hudhani samaki akishakauka amekauka. Sivyo. Hewa yetu ina maji mengi, na samaki asiporudishwa motoni kila baada ya siku mbili au tatu anaingiwa na wadudu. Kwa hiyo nyuma ya nyumba ya mama kuna kichanja cha fito, na chini ya kichanja kuna moto wa kuni unaofuka karibu kila siku ya Mungu. Dada huinama hapo, anageuza samaki mmoja mmoja, macho yamefumbwa nusu. Amefanya hivyo kwa miaka mingi. Kifua chake kilianza kwa kikohozi cha asubuhi, kikawa cha mchana kutwa, na mwisho akawa hawezi kupanda kutoka mtoni na beseni kichwani bila kusimama mara tatu.

Nilimpeleka kituo cha afya mwenyewe. Muuguzi alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, kisha akafunga kabati lake la dawa.

"Dawa yako haiko mu kabati hii," alimwambia. "Dawa ni kutoka mu moshi. Kila mwaka unabakia mule, moshi inakula kipande ya pumzi, na kile kipande hakirudi."

Mtu anayekula kwa moshi akiambiwa atoke kwenye moshi, hucheka. Dada alicheka. Lakini njiani akaniambia alikuwa ameshafikiri. Kampuni moja ndogo ilikuwa imekodi kiwanja karibu na soko, imepanga humo mabamba ya kunasa jua, na ilikuwa inapita kwenye mitaa minne ya kwetu kuandikisha nyumba. Mitambo ile isingeweza kubeba mitaa yote, idadi ya nyumba ilikuwa na kikomo, na yeye alikuwa amejiandikisha siku ya kwanza. Frigo, yaani friji, alikuwa nayo tayari, ya zamani, aliyoachiwa na mtu aliyehama. Wakati huo aliitumia kuwekea vitenge.

"Yaya, umeme ikiingia, nitanunua samaki ku mutumbwi asubuhi na kuuza mubichi," aliniambia. Yaya kwetu ni ndugu mkubwa. "Moto sitausogelea tena. Hata chai utajipikia weye."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilikuwa nimeanza kumhesabia pumzi ninapokaa naye, na ni tabia mbaya kumfanyia mtu hai.

Hapa lazima nirudi nyuma, kwenye vita.

Wakati mji ulipozungukwa, na mashamba ya njia ya Kailo yakawa ni mbali kuliko Ulaya, na treni ikanyamaza, watu wa Kindu walijifunza mambo mengi ambayo leo hayana kazi. Tulijifunza kugawa chumvi kwa ncha ya kijiko. Tulijifunza kupika kabla ya jua kuchomoza ili moshi usiseme kwamba hapa kuna chakula. Taa ilikuwa kopo la mafuta ya mawese na utambi wa kitambaa, na hata hiyo tuliizima mapema, kwa sababu nyumba yenye mwanga ilikuwa nyumba yenye kitu cha kuchukuliwa. Mwanga ulikuwa unakusema kwa watu usiowajua.

Jambo lingine lilikuwa alama. Askari walikuwa wakihitaji nyumba za kulala. Mchana walipita wawili watatu na kipande cha chokaa au cha mkaa, wakatazama paa, wakatazama mlango, na nyumba waliyoipenda wakaichora msalaba ukutani. Jioni walikuja wengine na mizigo yao, wakaingia penye msalaba. Mwenye nyumba alihamia jikoni kama alikuwa na bahati.

Mama aligundua kitu ambacho sijui wangapi walikigundua. Waliochora hawakuwa wale waliokuja jioni. Waliokuja jioni walikuwa wageni, hawakuijua mitaa, walichojua ni msalaba tu. Basi mama akaanza kufuta. Kila walipopita wachoraji, alimtuma dada yangu nje na kopo la maji na kitambaa. Dada alikuwa na miaka tisa, na mtoto wa miaka tisa anayechezea maji ukutani hamshangazi mtu. Alifuta, kisha mama akatoka na udongo na majivu akapaka mahali pale pasionekane pamesafishwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, umri wa kubebeshwa risasi porini, kwa hiyo nilikuwa chini ya kitanda. Nasema hivyo waziwazi. Nyumba yetu iliokolewa na mwanamke mmoja na mtoto mdogo wa kike, na mimi nikitazama chaga za kitanda.

Tulichorwa mara tatu, tukafutika mara tatu. Kisha siku moja wakachora nyumba ya jirani.

Jirani yetu wakati ule alikuwa mama mmoja mkulima, rafiki wa mama wa kusukana nywele, mwenye binti mmoja. Siku hiyo yeye na binti walikuwa wamekwenda kutafuta majani ya muhogo pembezoni mwa mji. Mama aliuona msalaba. Alichukua kitambaa. Alichofanya baada ya hapo sikukijua kwa miaka mingi. Nilichojua ni kilichofuata: askari waliingia nyumba ile jioni, wakakaa humo masika yote, na jirani akalala na binti yake kwenye kibanda cha jiko ambacho paa lake lilikuwa la kusitiri sufuria tu. Alishikwa na homa ya mapafu. Walipoondoka askari, alikuwa ameshazikwa. Binti alilelewa na shangazi zake huko Kibombo, akarudi mtu mzima, akaipaka nyumba ya mama yake upya, na hadi leo ndiye jirani yetu.

Mama hakuwahi kumtaja yule rafiki yake mbele yangu. Alimpelekea binti chakula kila Idi, na binti, ambaye ni Mkristo, alimpelekea mama chakula kila Noeli. Nilidhani ni ujirani.

Sasa narudi kwenye umeme. Kampuni ilikuwa na utaratibu wake, na wenyewe waliusifu. Kwanza watu wa rangi walipita kuandika namba ya buluu kwenye ukuta wa kila nyumba iliyojiandikisha. Baada ya wiki mbili, watu wa waya wangepita wakifuata namba. Mwenye kubadili mawazo katikati hakuwa na haja ya kwenda ofisini: afute tu namba yake, na watu wa waya wataelewa, nafasi atapewa mwingine. Haya yote yalitangazwa barabarani kwa kipaza sauti. Mama sikio lake moja limekufa na la pili limechoka.

Watu wa rangi walipita dada akiwa Lokandu. Asiyekuwepo na lake halipo. Mama alikuwa peke yake uani, anachambua mchele, wakaingia vijana wawili wenye buti na karatasi. Walimsalimu vizuri, hilo nalo nimelithibitisha, wakamwambia jambo ambalo hakulisikia, akaitikia kwa kichwa kama wazee wanavyoitikia. Wakatazama paa. Wakatazama mlango. Wakachora.

Wenye methali watasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama hakushtuka. Alifanya kazi anayoijua. Rangi ya buluu haifutiki kwa kitambaa, kwa hiyo alichukua jembe la mpini mfupi, akakwangua udongo wa ukuta mpaka tofali likaonekana, akakanda udongo mwingine na majivu, akaziba. Mwanamke wa umri ule, na mgongo ule. Alikwangua kuta mbili, yetu na ya jirani, ambaye naye alikuwa amejiandikisha na siku hiyo alikuwa shambani. Hakumwambia mtu. Katika kazi hiyo, kutomwambia mtu ni sehemu ya kazi.

Watu wa waya walipopita, walikuwa vijana wengine. Walifuata namba. Walipofika kwetu na kwa jirani hawakuona kitu, wakaelewa kama walivyoagizwa kuelewa, wakaenda mbele.

Samaki walikuwa adimu na safari ile ya dada ilipita wiki mbili; alirudi na makapu ya samaki akakuta mtaa una nguzo. Nyumba ya kulia ya jirani ina waya, ya kushoto kwetu ina waya, ng'ambo ya barabara redio zinashindana. Alinipigia simu akilia kwa hasira. Siku ya pili akaona udongo mpya kwenye ukuta wetu na wa jirani, akaelewa, akanipigia tena. Safari hii hakulia. Alisema maneno machache na kukohoa kwingi.

Mama mwenyewe alikuwa na maoni yake. Aliona waya, alijua ni umeme, na alikereka kwa ajili yetu. "Hawa watu ya umeme hawana akili," alimwambia dada. "Wanaruka nyumba mbili ya watu wazuri. Enda kuwauliza!" Namba na waya hakuviunganisha kabisa. Kwake namba ilikuwa jambo la askari, na waya ulikuwa jambo lingine lililokuja baadaye.

Nilikwenda ofisini kwao nikiwa na joto kichwani. Kijana wa mezani alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaona haya. Alisema nafasi mbili zilizorudishwa zilikuwa hazijagawiwa bado, lakini nyumba nyingine zilikuwa zinazingojea. Kama namba zilifutwa kwa kosa, aliyezifuta akubali kwa maandishi. Akanipa karatasi mbili, moja yetu na moja ya jirani. Karatasi ilisema kwamba mimi fulani nilifuta namba ya kampuni bila kujua maana yake, kwa kosa langu mwenyewe, naomba nyumba irudishwe kwenye orodha. Lazima aliyefuta asomewe kwa lugha anayoisikia, mbele ya mwenye nyumba, kisha atie kidole. Zirudi kabla Ijumaa haijaisha. Siku ile ilikuwa Jumatano.

Nilivuka Alhamisi alasiri. Kwenye mtumbwi nilipanga uongo. Mama anasoma herufi za Kurani, Kifaransa hakijui. Ningemsomea kitu kingine chochote, kwamba ni karatasi ya kodi ya kiwanja, akatia kidole, tukamaliza. Nilimwambia dada nilipofika, tukiwa bado nje.

"Hapana," alisema. "Kidole ya mama hatuwezi kuiiba. Soma vile iko."

"Atajua ni yeye njo alikufungia njia."

"Atajua. Na mimi nitapumua."

Hilo lilikuwa jibu la haki, na nililikubali. Tulimwita jirani, binti wa yule rafiki wa mama, ambaye naye alikuwa na mipango yake ya cherehani ya umeme na alikuwa hajui bado nani aliyekwangua ukuta wake. Nilimpa karatasi yake aisome. Alisoma haraka, yeye amesoma shule, akaukaza uso. Tuliingia wote watatu. Mama alikuwa kwenye mkeka, amefurahi kuona wageni.

Jirani hakungoja nianze. Alichuchumaa karibu na sikio zuri la mama.

"Mama, namba ya ku ukuta yangu, nani aliitosha? Nani aliikwangua?"

"Njo mimi," mama alisema. Alisema kama mtu aliyengoja kuulizwa. "Ya kwenu na ya kwetu. Nilianza na ya kwenu."

"Juu ya nini, mama, kwa nini?"

Mama akamshika mkono. Sijawahi kumsikia akiongea kwa mfululizo namna ile, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Siku ile ya mama yako, nilikuwa na kitambaa mu mukono. Huyu mutoto wangu alishika kopo ya maji. Askari walikaa pale ng'ambo ya njia, wanakula muwa. Nikasema, ngoja, wataenda. Hawakuenda. Nikasimama ku mulango mupaka jua ikashuka. Miguu ilikataa, mutoto wangu. Hatua makumi mawili, miguu ilikataa. Nikafunga mulango. Mama yako alilala mu mvua sababu yangu." Akaukaza mkono wa jirani. "Nilimuomba Mungu, kama watachora tena, anipe miguu. Safari hii nilifika."

Nilimtazama dada. Alikuwa ameegemea mlango, ametazama chini. Yeye ndiye aliyeshika kopo siku hiyo, alijua tangu akiwa na miaka tisa, na hakuwahi kuniambia.

Jirani alikuwa bado amechuchumaa. Karatasi ilikuwa mkononi mwake, mkono mwingine uko mikononi mwa mama. Kisha akaikunja mara mbili, akaiingiza ndani ya kitenge kiunoni.

"Aksanti, mama," alisema. Akainuka, akatoka bila kututazama.

Mama alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshusha mzigo. Akaniuliza kwa nini sijakunywa maji, na ile karatasi niliyoshika ni ya nini.

Nilifungua mdomo. Nakiri nilikuwa tayari kusoma. Sikuwa na huruma wakati ule, nilikuwa na hasira, na nilikuwa nikimtazama dada anavyovuta pumzi kwa mabega. Neno moja la karatasi lilikuwa limenishika macho: kosa. Ningelisoma hilo, na mengine yangefuata.

"Ni karatasi ya shule yake, mama," dada alisema kutoka mlangoni. "Yaya, mutumbwi ya mwisho itakuacha. Kuja nikusindikize."

Nilimfuata. Tulipopita nyuma ya nyumba nilimshika mkono karibu na kichanja. Nilimwambia kesho ni Ijumaa, kwamba nafasi ikienda imekwenda, kwamba mama ni mzee na atasahau, na kwamba muuguzi hakuwa anatania. Nilisema mengi, tena kwa sauti. Aliacha nimalize.

"Na kifua?" nilimuuliza.

"Kifua ni yangu," alisema. "Alingojea hii siku miaka yote. Muache nayo."

Alichukua kuni mbili, akazisukuma chini ya samaki, akainama kupuliza. Nilitoka nikasimama barabarani, karatasi mkononi, nikamsikiliza akikohoa mpaka akamaliza.